Namba Saba

Jumanne, Agosti 2003

Wiki tatu! Wiki tatu nzima nimechemsha magome ya kuni, na bakteria wakaendelea kunawiri kwenye visahani vyangu vya maabara kama mahindi ya mvua ya Novemba.

Leo nilienda Wamunyu kumwambia Susu Kalondu, bibi mzee mganga wa miti shamba, kwamba dawa yake ya kuhara haifanyi kazi. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Ile nilikupa ni kuni tu, mwanangu. Dawa haitolewi bila mgonjwa. Wewe uliniomba mti, hukuniambia nani anaumwa."

Nilikasirika. Nikamweleza kwamba mgonjwa yuko, mtoto aliyelazwa wodini, na bakteria ninaowapima wametoka kwake. Dawa za hospitali hazimsaidii tena.

"Anaitwa nani?"

Sikujua. Kwenye visahani vyangu ni Namba Saba tu. Aibu niliyoona... Ilibidi nimpigie nesi simu pale pale uani. Anaitwa Mwende, akasema. Ana miaka miwili.

Susu alilitamka jina hilo polepole, akachukua jembe, akanipeleka kwenye mti ambao nimeupita kila nikija kwake. Akanichimbia mzizi.

Sijui kama utafaa. Huenda nao usiue chochote, na ikiwa hivyo nitaandika hivyo hivyo. Lakini kesho asubuhi naanza upya, hata wenzangu wakikata tamaa nikabaki peke yangu maabara.

Ila kabla ya kuwasha jiko nitapitia wodini. Sijawahi kumwona Mwende.