Mutu Iko Nyumbani

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika, matope bado. Pua yangu imeziba upande wa kushoto. Ule wa kulia unavuja unavyotaka.

Leo nimefufuka. Afadhali jambo hili niliandike mwenyewe kabla wengine hawajalieneza kwa namna yao, maana kufikia saa hizi habari imeshafika Nesitu, nje ya Juba, na madereva wa malori wakiipata hadithi hawaipunguzi.

Nianze na kiburi changu, kwa kuwa ndicho kilichoniponza.

Mimi nauza chai ya tangawizi sokoni Custom, mkabala na wauza ndoo. Tangawizi, ambayo wateja wangu huiita janzabil, naitwanga kwenye kinu, naichemsha na limau na mdalasini, kisha asali naitia ikianza kupoa. Msimu huu wa mvua kila mtu Juba ana mafua, kwa hiyo nilitafuta ubao nikaandika bango kwa rangi nyekundu: CHAI YA TANGAWIZI. KINGA YA MAFUA. MWENYEWE SIJAUGUA MIAKA MINNE.

Hiyo miaka minne si uongo kabisa. Mwaka juzi niliugua kidogo, lakini nilikuwa Nimule, mpakani, nikaamua ya Nimule hayahesabiki.

Jumanne koo likaanza kuwasha. Nikanywa chai yangu vikombe sita. Nikatafuna vitunguu saumu vibichi mpaka dereva wa boda aliyenirudisha nyumbani akaendesha uso ameugeuza pembeni. Jumatano sauti ikaondoka, macho yakavimba, na chafya zikawa zinakuja tatu tatu.

Na wiki hii haikufaa kabisa. Wanawake wa kanisa letu wana mkutano wa siku tatu wiki ijayo, wageni wanatoka Yei na Torit, na mtu mmoja tu ndiye atakayechaguliwa kuwapikia chai. Mama Roda, mwenyekiti wao, alisema atapita kwenye kibanda changu Alhamisi asubuhi kunipa jibu: ni mimi, au ni yule dada wa kahawa wa ng'ambo ya barabara.

Niliitaka kazi ile kuliko ninavyopenda kukubali. Nilikulia Nakuru. Tangu nirudi hapa naketi benchi la nyuma, nasalimiwa vizuri, naulizwa habari za Kenya, basi. Sijawahi kuitwa kwa jambo lolote. Wanasema hata Kiarabu changu cha Juba kina harufu ya Kenya. Nilitaka mara moja tu mtu aseme, muulizeni Poni.

Sasa Mama Roda anikute napiga chafya chini ya bango lile?

Nikajificha.

Nilimpigia simu Nalongo, mama wa mapacha anayeuza parachichi kibanda cha pili. Nalongo ametoka Masaka wiki tatu zilizopita kumshikia dada yake biashara. Ana roho safi, ana Kiswahili cha Uganda, na Kiarabu hana hata cha kuombea maji. Nikamwambia kwa sauti ya chura anisimamie chai yangu, na mtu yeyote akiniuliza asiseme naumwa. Aseme tu niko nyumbani.

Kilichofuata nimekipata kwa Nalongo mwenyewe, aliyenisimulia akilia.

Mama Roda alifika, akatazama kibanda, akauliza niko wapi: "Poni fi wen?"

Nalongo alisikia Poni, mengine akakisia. Kwa kuwa alikuwa anaficha siri, akainamisha macho. "Mutu iko nyumbani."

"Mutu?" akauliza Mama Roda.

"Eee, mutu. Iko nyumbani tangu jana."

Hapa lazima nieleze. Nalongo akitaka kusema mtu, husema mutu, kama wenzake wengi wa kwao. Lakini kwa Kiarabu cha Juba, mutu ni kufa. Na Mama Roda aliishi ukimbizini Arua, Uganda, miaka mingi, kwa hiyo neno nyumbani alilielewa vizuri sana. Ila aliuliza kwa Kiarabu, akasikia kwa Kiarabu: Poni amefariki, na mwili uko nyumbani tangu jana, na hakuna aliyewaambia watu wa kanisa.

Nalongo anasema yule mama alishika meza. Kisha akatoa simu.

Mimi wakati huo nilikuwa chumbani kwangu Mangateen, najifukiza. Kigoda, beseni la maji ya moto, majani ya mwarobaini, maganda ya limau na tangawizi iliyotwangwa ndani yake. Blanketi lilikuwa limelowa kwa mvua iliyopenya jana, kwa hiyo nilijifunika shuka.

Shuka ni jeupe.

Nikasikia kilio kinatoka barabarani. Nikasema moyoni, maskini, nani tena. Nikamwombea marehemu, na familia yake, Mungu awape nguvu. Kilio kikakaribia. Kikakata kona kwenye choo chetu. Kikasimama mlangoni kwangu.

Mlango ukafunguliwa, na wanawake kama kumi na watano wakaona kitu cheupe kimeketi kikitoa moshi.

Nikapiga chafya. Tatu, kama kawaida.

Sukari ya msiba ikaanguka chini. Wawili walikimbia mpaka kwa jirani, na mmoja aliacha ndara yake kwenye matope. Bado ipo, aje aichukue. Mama Roda hakukimbia. Alikuja taratibu, akashika ncha ya shuka kwa vidole viwili, akaifunua.

"Poni, ita ma mutu?"

Yaani, hujafa? Nikasema sijafa, mama. Na kwa sekunde mbili hivi nilifikiri ingekuwa heri.

Halafu mwanamke mmoja pale mlangoni akanusa. Chumba kizima kilikuwa kinanukia tangawizi. Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushuhuda kwamba ni janzabil imemrudisha. Mwingine akaitikia. Wa tatu akawa tayari anamsimulia wa nne aliyesimama nyuma na hakuona kitu.

Nakiri hapa: niliwaacha waendelee. Niliwaacha muda wa kutosha kunywa nusu kikombe. Nililiona bango jipya, herufi na yote. Niliona foleni mpaka kwa wauza ndoo. Nilimwona yule dada wa kahawa akifunga virago.

Lakini Mama Roda alikuwa bado ameshika shuka langu, na gauni lake lilikuwa na matope mpaka magotini. Alikuwa ametembea. Wote walikuwa wametembea, kwenye mvua, kwa ajili ya mtu wa benchi la nyuma. Nikaanza kulia. Nilisema ni mvuke.

"Ni mafua, mama," nikasema. "Yalianza Jumanne. Chai nimekunywa sana, haikuyazuia. Bango ni uongo."

Mama Roda akaketi juu ya mkeka waliokuwa wamebeba kwa ajili ya matanga yangu. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Poni," akasema, "mimi nakunywaga chai yako sababu iko tamu. Nani alikuambia hii ni dawa?"

Ni mimi niliyejiambia.

Hawakuondoka. Watu wakishabeba mikeka na sukari hawawezi kurudi hivi hivi, kwa hiyo waliketi uani chini ya bati la jirani, wakapika asida, ugali wa huku, na mboga, wakasali sala waliyokuja nayo, wakibadilisha maneno machache. Dada mmoja alikuwa ameandaa hotuba fupi njiani na hakutaka ipotee. Nimejua leo kwamba nilikuwa mpole na mwenye kujitolea.

Mama Roda naye akanipa masharti. Nilale. Ninywe maji mengi. Nifungue dirisha. Nisiguse kikombe cha mtu bila kunawa kwa sabuni, na sokoni nisionekane mpaka chafya ziishe. Homa ikipanda au kifua kikibana niende zahanati, nisianze ujuaji. Jumatano atakuja kuikagua pua yangu, na ikiwa kavu, chai ya mkutano ni yangu.

Hizo ndizo dawa zote alizonipa, na hakuna hata moja ninayoweza kuiuza.

Wakati wa kuaga kila mmoja alinishika mkono, kama inavyotakiwa. Niliuficha mkono chini ya shuka nikisema nitawaambukiza. Mama Roda akauvuta, akaushika kwa mikono yake miwili, wengine wote wakafuata.

Nalongo alikuja baadaye na chupa ya chai, bango likiwa kwapani. Ameapa kutotamka mutu tena maishani. Sasa anasema binadamu. Aliingia akiuliza, "Binadamu iko aje?"

Bango liko hapa miguuni. Nimefuta KINGA YA MAFUA, nikafuta na ile miaka minne, pamoja na ya Nimule. Imebaki CHAI YA TANGAWIZI na pengo kubwa chini yake. Nimefikiria sana nijaze nini. Nimeandika NI TAMU.

Sasa hivi Mama Roda ametuma ujumbe wa sauti, anauliza kama nimelala. Kabla hajamaliza kuuliza, amepiga chafya.

Tatu.

Kesho Nalongo atampelekea chai. Nimemwandikia kwenye karatasi maneno ya kusema akiulizwa habari zangu, asiongeze wala asipunguze: Poni hai. Nimehakikisha. Hai ni hai kwa lugha zote mbili.