Jina la Baba Mkwe Mbele ya Gari

Katubuka,
Kigoma.
16 Novemba 2025

Mpendwa dada Merina,

Shikamoo dada. Naitanguliza shikamoo kabla kalamu haijakaa sawa mkononi, maana nakujua, ukikuta barua ya mdogo wako haina shikamoo utaikunja uiweke chini ya sufuria. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Tunduma? Ile dawa ya kuchua umeitumia, au umeigawia majirani kama kawaida yako? Na shemeji Telesphory je, kifua kimeachia?

Sisi huku tunapumua. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, utanijua kuwa ni mwongo. Mimi mwili ni mzima, baba Amosi mwili wake ni mzima, na Amosi yuko shuleni Kasulu anadai sabuni kila wiki kana kwamba anakula sabuni. Mgonjwa wetu ni mama mkwe, na ugonjwa wake ndio ulioniketisha hapa. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Nyumba hii ukipiga simu inasikilizwa mpaka na kuku. Barua nampa Feliksi, yule wa lori la mawese, na dumu dogo la mawese ni lako.

Dada, ulisikia kwamba baba Amosi alinunua Noah. Hilo halikuwa tatizo, lilikuwa neema tupu. Ilikuwa na namba ya kawaida, T na tarakimu zake na herufi zake, kama gari la mtu mwingine yeyote mwenye akili. Inabeba dagaa kutoka Kibirizi, ikirudi inaoshwa, na siku ya kliniki ya presha mama mkwe anakaa mbele na kilemba chake kipya, anawapungia watu mkono kama bibi harusi. Tulikuwa na raha, na raha tulikuwa hatuijui.

Halafu baba Amosi akaona gari la tajiri mmoja limeandikwa jina badala ya namba. Akarudi nyumbani hali ugali. Akaniambia kuna kitu anataka kukifanya, kitafurahisha nyumba nzima, nisiulize. Mimi nikajua ni tanki la maji. Kumbe anakwenda kwa Jean, yule kijana mwenye asili ya Kongo anayejaza watu maombi mtandaoni pale karibu na stendi, wanatafuta kama jina halijachukuliwa na mtu. Halijachukuliwa. Nani angelichukua! Fedha iliyolipwa sitaitaja, una presha na wewe.

Vibao vilikuja vimefungwa kwa karatasi. Akavifungua uani mbele yetu sote. Njano inang'aa, herufi nyeusi. Dada yangu, lilikuwa jina la baba yake.

Naomba unielewe vizuri, maana wewe na mimi tulilelewa Kalinzi kwa mila moja. Jina la databukwe, baba mkwe wangu. Jina ambalo tangu niolewe sijawahi kulitia mdomoni, wala silisomi kwa sauti, na hata hapa siliandiki. Mama mkwe naye halitamki, maana kwake ni jina la mume. Alimwita "baba Pastory," kwa jina la mwanawe, huyu mume wangu, mpaka siku ya kumzika, na baada ya kumzika akamwita "yule." Nyumba nzima wanawake wawili, na hakuna anayeweza kulitaja gari la nyumba yake.

Wala simlaumu sana baba Amosi. Wanaume mwiko huu hauwakabi, kwao ni jina tu kama majina mengine. Yeye aliniambia, na machozi yalikuwa karibu, "Mzee alishuka Kalinzi na baiskeli ya ndizi mpaka kifua kikamuua. Hakuwahi kukalia kitu chenye injini. Sasa jina lake litapanda ule mlima bila kuhema." Ungemjibu nini mtu kama huyo? Mimi nilipika pilau.

Majirani walikuja na simu zao kupiga picha. Mama mkwe akaingia ndani akafunga mlango.

Siku ya kliniki ilipofika, akavaa kilemba, akatoka mpaka kwenye gari, akasimama. Akasema, "Mimi sipandi mgongoni kwa mume wangu." Tukadhani anatania. Akageuka akaita bajaji. Akaenda kliniki kwa bajaji, mgongo ukamuuma siku zilizofuata, na watu wa mtaa wakaona. Baba Amosi akawaka. Kwamba mama yake anamwaibisha, kwamba watu watasema amemnunulia marehemu gari na kumnyima aliye hai. Akapiga marufuku bajaji yoyote kusimama mlangoni kwetu. Mama atapanda gari la mwanawe au atakaa. Mama akasema atakaa.

Wote wawili ni vichwa vya jiwe, dada, na mimi niko katikati kama unga wa mtama. Vidonge vya presha vikaisha. Kliniki nyingine ikapita. Nikiongea na huyu ananuna, nikiongea na yule ananiambia, "Wewe unaweza kulitaja? Basi nyamaza."

Nikafanya ujinga wangu. Nilichukua kitambaa cheupe cha meza, kile ulichonifumia, nikafunika kibao cha mbele, kingine nikakifunika na kanga. Nikamshika mama mkono, nikamwambia, sasa hakuna kitu, twende. Akatazama kile kitambaa cheupe. Akasema, "Mmeshamvisha na sanda." Yewe! Nilikifungua mbio, nikakiloweka kwenye maji ya sabuni.

Huku nje ndiyo kabisa. Watoto wa mtaa wakiiona Noah inakata kona wanalipiga kelele lile jina, wanaimba. Kule ufukweni Kibirizi wamemsahau Pastory, wamemsahau baba Amosi, wanamwita kwa jina la gari, naye anaitika na kifua kimejaa. Sokoni mimi nimekuwa mke wa baba mkwe wangu! Wananiita hivyo, na nyanya wananichagulia nzuri. Siku moja akaja mwanamke na ndoo ya dagaa, akabisha hodi, akauliza kama mke wa nani hii yupo. Tulikuwa tumekaa wote uani, mimi na mama mkwe. Tukatazamana. Mimi nikainamisha kichwa kwa aibu. Yeye akanyanyuka na fimbo yake, taratibu, akasema, "Ni mimi," akaipokea ndoo.

Hiyo ilikuwa wiki kabla ya kuanguka.

Alianguka asubuhi, anaosha uso. Nilisikia beseni, nikatoka nikamkuta chini, mdomo umeenda upande mmoja na mkono wa kulia haupo, yaani upo lakini haupo. Nikampigia baba Amosi. Simu ikalia juu ya kabati, aliisahau kwenye chaji. Bajaji haiwezi kumlaza mtu, na hata ingeweza, zilishaacha kusimama kwetu. Nikatoka barabarani nikakamata bodaboda, kijana mgeni wa kutoka Uvinza, nikamwambia akimbie Kibirizi akamlete baba Amosi na Noah.

Akauliza, "Baba Amosi ndiyo nani, mama?"

Nikamwambia ni Pastory, mume wangu, sikujali tena. Akapiga simu kwa wenzake wa ufukweni, wakasema Pastory hawamjui. Akaniuliza namba ya gari. Nikasema halina namba, lina jina. Akasema, "Haya, taja jina, mama, Noah nyeupe kule ni nyingi."

Dada Merina. Mdomo wangu ulifunguka. Nakuapia kwa mama yetu, ulifunguka na ulimi ukasogea. Mlango ulikuwa wazi, na mama mkwe kalala kwenye mkeka na jicho moja zima, na lile jicho linatazama midomo yangu. Halikuwa linanikataza, wala halikuwa linaniruhusu. Lilikuwa linatazama tu. Nikafunga mdomo. Nikasema, "Ile iliyoandikwa jina! Utaiona, imeandikwa jina!"

Wewe umeishi Kigoma, unajua. Gari gani kule halijaandikwa jina kwenye kioo cha nyuma? Nilikaa na kichwa cha mama mapajani nikimfuta mate, nikasikiliza kila injini inayopita. Iliyokuja mwisho, ikiongozwa na yule kijana wa bodaboda, ilikuwa Noah ya mtu mwingine, Samson, imeandikwa jina la mchungaji wake kwa rangi nyekundu, na imejaa magunia ya dagaa. Samson alishuka na hasira za kuvurugiwa biashara, akamwona mgonjwa. Alishusha magunia yake barabarani, akambeba mama mikononi kama mtoto. Mungu amlipe, maana mimi sina cha kumlipa.

Kwa hiyo alipanda gari, na halikuwa la mwanawe. Noah yetu ilikuwa imeegeshwa kule chini inang'aa, mwenyewe akipima dagaa. Alikuja hospitali mchana akikimbia, ndala moja mguuni.

Daktari alisema ni kiharusi. Nilimuuliza kama tungewahi ingekuwaje. Hakusema tumechelewa, hakusema tumewahi. Alisema kazi sasa ni mazoezi na dawa na subira. Baba Amosi hajaniuliza kwa nini sikulitaja. Laiti angeniuliza, akanitukana, tukamaliza. Ananitazama tu, anaondoka kwenda kuosha gari ambalo ni safi.

Sasa sikia lililobaki, ndilo linaloninyima usingizi. Siku ya tatu pale wodini mama alianza kusema. Tulifurahi, nesi akapiga makofi. Akasema neno moja. Halafu akalirudia. Lilikuwa jina la mume wake.

Limetoka wazi, halina kasoro, dada, na maneno mengine yote yameondoka. Ukimpa uji, anasema hilo. Jua likimchoma, hilo. Akiwa na haja, akiona Amosi kwenye picha, akisikia adhana ya alfajiri, hilo hilo. Anajua silo analotaka kusema, maana akishalisema anatikisa kichwa kwa hasira na kujaribu tena, na linatoka tena lile lile. Maisha yote alilificha, na sasa ndilo pekee alilobakiziwa. Nesi alinivuta pembeni akaniuliza huyo anayeitwa ni nani, wamtafute aje amwone. Nilimjibu kwamba huyo haji.

Tumemrudisha nyumbani kwa gari letu. Baba Amosi alimweka kiti cha mbele akamfunga mkanda. Alipanda. Hatujui kama amekubali au hakuwa na namna ya kukataa, na hatuna wa kumuuliza. Baba Amosi akasema vibao atavitoa, arudishe namba ya zamani, fedha iende. Akachukua bisibisi akachuchumaa mbele ya gari. Mama akiwa ndani akaita. Akaita lile jina. Mwanaume akaangusha bisibisi akaegemea bampa akalia mbele ya watoto wa mtaa, na wale watoto kwa mara ya kwanza hawakuimba.

Vibao viko palepale mpaka leo. Anasema hawezi kuling'oa neno ambalo mama yake ndilo analolitumia kuomba maji.

Siku hizi akiwepo yeye, mama akiita, yeye anaitika "Naam," kama baba yake. Mama anatulia kidogo. Asipokuwepo tunabaki wawili, mimi na yeye, anaita, na mimi siwezi kuitika, maana nitaitikaje jina la baba mkwe? Nafika tu na kusimama mbele yake, nashika maji, nashika shuka, nashika beseni, najaribu kimoja kimoja mpaka atulie. Nilisikia wakubwa wakisema mkwe hufunguliwa mwiko na mama mkwe mwenyewe, kwa kinywa chake. Kinywa chenyewe ndicho hicho. Wewe ni mkubwa wangu, umezika wakwe zako wote wawili, niambie nifanyeje. Kama hakuna la kufanya, niambie hivyo hivyo, ila njoo unikalie hata wiki moja. Nimechoka kusimama peke yangu mbele ya lile jicho.

Nimekuwekea pia dagaa kidogo kwenye mfuko wa bluu, waanike tena juani, Feliksi husafiri na madirisha wazi na mvua ni nyingi. Msalimie sana shemeji Telesphory, mwambie aache kuoga maji baridi. Nisalimie wanao wote na Anésie jirani yako, asante yake ya kitenge bado ninayo. Amosi anakuamkia. Baba Amosi anakuamkia, ingawa hakuagiza. Bwana akulinde goti na moyo, akufungulie njia ya kuja kwetu kabla mvua hazijakata barabara.

Mama mkwe naye angekutumia salamu. Nilimwambia nakuandikia, akakusalimu mara mbili, na machozi yakamtoka. Lakini neno alilonalo ni lile moja, dada, na mimi siwezi kukuandikia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyeshindwa,

Margareta