Tafi wa Kwenye Daftari

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimepanda cheo! Mimi Ngala, niliyewapikia Wajerumani wa hoteli za Diani miaka kumi na mmoja — haya, nilimenya viazi, lakini jikoni ni jikoni — sasa ni mwandishi wa utafiti. Mjukuu wangu Jumwa, miezi minane, ameingizwa kwenye uchunguzi wa chakula cha watoto pale zahanati. Mamake, binti yangu Mbeyu, hufua mashuka hotelini tangu alfajiri, basi mtoto hushinda nami kibandani hapa Ukunda. Nimepewa daftari niandike kila anachokula. Nimesoma hadi darasa la sita. La saba nilichungulia dirishani.

Sista Mumbe, Mkamba, ametueleza. Si wingi wa mafuta tu, asema, ni aina yake. Mtoto akizidishiwa haya ya kukaangia, ya samaki akayakosa, mwili huenda ukajenga vyumba vingi vya kuwekea mafuta. Akikua, vyumba vinataka wapangaji. Bado wanachunguza, lakini dalili zipo.

Kina mama wote wakanitazama tumbo. Nikasema, sista, mimi ndiye landilodi wa Ukunda nzima! Walicheka hadi nje.

Nimefika kibandani ndipo nikakumbuka kazi yangu. Nakaanga viazi karai, vile vya kuchovya kwenye unga na kuzamisha mafutani.

Alhamisi, 6 Februari

Agizo: samaki wa kuchemsha, tui kidogo, apondwepondwe. Mbeyu amenunua tafi wabichi, wametoka Gazi. Akaniachia na maelezo mengi kama ya rubani.

Jumwa ameonja. Ametema — kwenye shati langu jeupe! Akalia mpaka wateja wakanisuta. Nikammegea kiazi karai, ile nyama ya ndani, laini. Akacheka. Meno mawili! Nani angekataa?

Tafi nimemla mimi. Mtamu, siongopi.

Daftarini nimeandika: "Tafi, vijiko sita." Mwandiko umesimama kama askari kwenye gwaride.

Jumapili, 9 Februari

Viazi tena. Jana na juzi pia. Daftarini nimeongeza samaki wengine, changu na dagaa, asije akachoka kula tafi. Jumwa wa daftarini anakula kuliko mgeni wa nyota tano.

Mafuta ya karai ni yale yale ya Alhamisi. Rangi yake chai ya rangi. Najua, najua.

Jumanne, 18 Februari

Sista kapita kibandani, kasoma daftari. "Mzee Ngala, hii data ni safi sana, wewe ni role model!" Akawasomea kina mama wa utafiti aliofuatana nao. Sasa naitwa Profesa Tafi. Nikaipokea heshima kwa mikono miwili, ile mikono yenye mafuta.

Jioni Mbeyu akaniambia, ahsante baba, nilidhani ungemlisha viazi vyako. Nikakohoa. Nilikohoa sana.

Jumanne, 25 Februari

Mizani: kilo kumi na moja. Ile mistari ya uzito kwenye kadi, Jumwa ameipita yote. Nikataka kupiga makofi — bingwa! — nikamwona sista. Amefungua daftari, akalifunga, akalifungua tena.

"Kwa chakula hiki haiwezekani, mzee. Kuna kitu kingine."

Labda tezi, asema. Labda ugonjwa wa kuzaliwa nao. Kesho atolewe damu, kisha barua ya kwenda Mombasa kwa daktari mkubwa. Eunice, mwenye mapacha, kauliza: kwani hao samaki hawasaidii?

Mbeyu, aliyeomba ruhusa kazini, alimbeba Jumwa njia nzima. Nyumbani ndipo akauliza: "Baba, nilikosea nini nikiwa na mimba?"

Nikamwambia Mungu yupo. Ndilo jibu nililokuwa nalo! Mtu mzima, kilo mia na nane.

Jumatano, 26 Februari

Benchi la zahanati. Kitabu changu cha kumbukumbu nimekisahau nyumbani, naandika nyuma ya daftari lao. Jumwa yuko mapajani mwa Mbeyu, anacheka na kila mtu. Sista anaandaa pamba. Sindano nimeiona. Ndogo, lakini mkono wa mtoto ni mdogo zaidi — hata huu ulionona kwa mkono wangu.

Sista: "Mzee, nipe daftari, zamu yenu."

Nimemwambia ngoja kidogo, mwanangu, kuna mahali nilikosea kuandika.

Alhamisi, tarehe 6. Tafi: kamla Ngala. Jumwa: kiazi karai kimoja.

Ijumaa, tarehe 7. Changu: kamla Ngala. Jumwa: viazi viwili, mafuta ya jana.

Mbeyu ameinama begani kwangu. Anasoma. Pumzi yake naisikia shingoni. Siinui macho, nikiyainua nitatia mzaha.

Jumamosi, tarehe 8. Dagaa: hawakuwapo kabisa. Jumwa: viazi viwili, na kile cha tatu alichokuwa akililia, nikampa kwa sababu nilitaka acheke.