Baba Hatakuwa Simba

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. U mzima huko? Kile kifua kimekuacha, au bado unakohoa kama trekta bovu? Wifi yangu na binti yenu hawajambo? Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira za kunitosha hadi mwakani.

Kile kitabu cha watoto nimekimaliza. Kimya, yule rafiki yako wa kabatini tulimojificha, uliyemwona wewe peke yako, nimemchora mrefu, rangi ya masizi, magoti kidevuni, akikufundisha kubana pumzi. Na baba nimemchora vilevile alivyokuwa akirudi amelewa, mkanda mkononi. Wewe ulisema nichore tu, na neno lako linanitosha.

Mchapishaji anasema kinatisha. Anataka baba awe simba, na mwishoni wote wacheke. Nikamwambia simba hajawahi kutufanya lolote. Nikakusanya michoro yangu nikaondoka.

Baba mdogo naye alikuja mbio kunikanya, eti mavi ya kale hayanuki. Basi mbona yeye ndiye aliyeziba pua? Kaapa kitabu kikitoka hatakanyaga tena hapa. Nilimwonyesha mlango, aanze kuzoea.

Niliyemwogopa hasa ni mama. Alivaa miwani, akafunua ukurasa mmoja mmoja pale mezani. Alipofika kwenye kabati akaniuliza, "Na mimi je, umeniweka wapi?"

Nikamjibu sikujua alikuwa wapi. Miaka yote nilidhani alikimbilia kwa jirani.

"Nilikuwa nje ya mlango wa chumba chenu, nimeushikilia. Mlidhani baba yenu aliwaacha kwa huruma?"

Nililia, mdogo wangu, sikufichi. Kisha nikashika brashi. Sasa mama yumo, kaegemeza mgongo mlangoni, na haondolewi hata unywele. Kesho narudi kwa mchapishaji. Akikataa, wako wengine. Wakikataa wote, nitakitoa mwenyewe, hata kwa rangi moja.

Nisalimie wifi. Binti mwambie nakala ya kwanza ni yake, shangazi kasema. Mungu akulinde na akupe usingizi mzuri. Mama anakubariki, na ana agizo: mjukuu wake akiuliza yule mwanamke mlangoni ni nani, umwambie ni bibi, na nguvu bado anazo.

Wako akupendaye daima,
Dada yako mchoraji