Kibao cha Madale

Madale, 3 Machi 2024

Mwanangu Adelina,

Hatujambo. Mama yako ana mafua tu, na ubishi wake uleule. Gesti ina vyumba sita na wageni wawili. Mafuriko ya vuli yalibeba daraja la korongoni, tukatandika ubao. Kila mgeni akilala nakata ushuru wa kitanda na kuuleta ofisini kwenu, sijachelewa hata mara moja. Si ndiyo hela yenu ya utalii? Tujengeeni kalavati. Mgeni asiyefika atatalii wapi?

Baba yako,
Polikarpo

Temeke, 20 Machi

Shikamoo baba,

Mie mzima, mama mpe pole. Ombi lako nimelifikisha kikaoni. Mwongozo unasema ushuru ule ni wa kutangaza utalii: mabango, matamasha, vipeperushi. Kalavati ni fungu lingine, nalo halina kitu. Usinikasirikie, mwongozo wenyewe niliuandika mie. Ila nimepigania kibao, baba! Cha bluu, chenye mshale na jina la gesti yetu, pale barabara kubwa.

Binti yako,
Adelina

Madale, 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mafua yamekwisha. Kibao kinapendeza, mama yako amekwenda kukitazama mara mbili, na sokoni hakuna asiyejua ni kazi ya bintiye. Wageni kweli wanakuja. Wakifika korongoni wanasimama na mabegi yao, naye anashuka kuwavusha kwenye ubao, mmoja mmoja. Namkataza. Ananijibu, mgeni wa mwanangu harudishwi njiani. Masika imeanza kwa nguvu. Fanya hima.

Baba yako

Temeke, 9 Juni

Shikamoo baba,

Natumaini unakula. Tangu ubao uteleze na maji yamchukue mama, tangu tumzike, hupokei simu yangu, na hii ni barua ya tatu. Sitakutajia mwongozo. Nilijua daraja hakuna, nikaona kibao kitakutuliza. Ndiyo kweli yangu, na inanitesa. Nitukane, baba, ila uniandikie.

Mwanao,
Adelina

Madale, 17 Juni

Kwa Afisa Utalii,

YAH: KUONDOLEWA KWA KIBAO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gesti nimeifunga. Kibao bado kipo, na jana wamekifuata wageni watatu. Walisimama ng'ambo ya korongo wakipiga hodi mpaka wakachoka. Hakuna wa kuwashukia. Naomba ofisi yako ikiondoe kabla mvua hazijarudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
P. Kamugisha