Karafuu Isiyo Kichwa

Wawi, Chake Chake
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Mwanangu mpenzi Hamdan,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mie mama yako ni mzima wa mwili, alhamdulillah, ila moyo ndio hautulii, na sababu utaijua mbele ukisoma taratibu. Natumai nawe hujambo huko Unguja, kikohozi kile kimekwisha, na zamu za kulinda hapo hotelini hazikudhoofishi. Unakula? Usinijibu kuwa unakula, niambie unakula nini.

Nyumbani sote tupo. Bibi yako Mwanaasha anakusalimu sana. Masikio yamezidi kuwa mazito lakini ulimi uko vile vile, juzi kamwambia muuza samaki kuwa samaki wake wamekufa kabla yeye muuzaji hajazaliwa. Dada yako Asma anakusalimu, yumo kidato cha pili, kavaa miwani ya kusomea na sasa anatutazama kama mwalimu mkuu. Mwanao Usama anakusalimu, meno mawili ya mbele yamemng'oka na kila akicheka anaziba mdomo kwa aibu, kisha anasahau anacheka tena. Yule mbuzi uliyemnunua kazaa, watoto wawili. Na mkeo Mwanapili ni mzima, angekusalimu, ila hajui kuwa nakuandikia.

Hapo usishituke. Utajiuliza mama kapatwa na nini hata aandike barua siku hizi za simu. Simu yangu, mwanangu, unajua anayenisomea ujumbe ni Mwanapili, na nikizungumza nayo napiga makelele mpaka jirani anaitikia. Jambo hili si la makelele. Nimeliandika kwa mkono wangu, kwa darasa langu la nne lile lile, siku tatu sasa, nikimaliza kipande naificha karatasi chini ya ungo wa mchele. Anakuletea Soud, yule jirani yetu fundi wa pikipiki, anayekuja huko kununua vipuri. Mwanapili atakupigia siku mbili tatu hizi kukuomba ruhusa ya jambo. Nakuomba, mwanangu, usimjibu ndiyo wala la kabla hujaimaliza barua hii.

Unakumbuka ulivyotupigia ile siku ukacheka mpaka ukapaliwa, ukatuambia Serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara na hoteli yenu imeshaanza kulipa. Na sisi tulisikia redioni, tuko kazini pale Tibirinzi, jikoni kwa Bwana Maher. Halua ilikuwa motoni. Mzee Mmanga, yule msongaji, kaacha mwiko akainua mikono kuomba dua, na Mwanakhamis akamkemea kuwa halua ikishika chini mshahara huo mpya ataulipa yeye. Tulicheka siku ile. Wallahi tulicheka. Mie hesabu sijui sana lakini niliona ni karibu mara mbili ya tunachopokea, na miaka kumi na moja nipo pale, tangu baba yako atutoke, sijawahi kuongezwa ila kikapu cha halua siku ya Idi.

Bwana Maher hakucheka. Si mtu mbaya, nisimsingizie, unajua mwenyewe alivyotushika tulipofiwa. Wiki ilipokwisha akatuita sote sita: mie, Mwanapili, Mwanakhamis, Mzee Mmanga na wale vijana wawili ndugu. Akatuambia kiwango kipya atakilipa, maana afisa wa kazi ameshapita na karatasi zake na atarudi, na yeye hataki kesi. Lakini sukari imepanda, samli imepanda, na akipandisha bei ya halua watu watakwenda kununua kwengine. Kwa hivyo kwa mshahara huo anaweza kubaki na watu wanne tu. Wawili waondoke.

Mzee Mmanga kwa mzaha wake kasema basi tubaki sita kwa mshahara ule wa zamani na afisa akija tumlishe halua mpaka meno yagandane asiweze kuuliza. Bwana Maher akakataa. Mwanakhamis akasema tufanye kwa zamu, wiki hawa wiki hawa, akajibiwa kuwa karatasi inahesabu vichwa na kila kichwa kinataka mshahara wake kamili. Mwanakhamis akaanza kulia. Ana mayatima watatu yule na hana wa kumletea hata kibiriti. Bwana Maher naye machozi yakamjaa machoni, akasema hawezi kumnyooshea mtu kidole kati yetu, tukaamue wenyewe, atakalolikuta kesho atalikubali.

Tukakubaliana kura. Kura ya karafuu, kama watu wanavyogawana mikarafuu ya urithi: karafuu sita ndani ya kofia, nne zina vichwa, mbili zimekatwa vichwa. Kila mtu anaingiza mkono chini ya kitambaa, anafumba, hafumbui mpaka wote wamechukua. Anayepata isiyo kichwa ndiye anayeondoka. Na kabla ya kuchukua tukasoma Fatiha kuwa aliyepata kapata na aliyekosa kakosa, na hakuna atakayemnung'unikia mwenziwe.

Mwanapili siku ya kura hakuwepo. Asubuhi ile Usama aliamka na homa akampeleka hospitali. Wakati wa kutoka kaniambia mama, nichukulie na yangu, mkono wako una baraka.

Kura hiyo ndiyo iliyowatoa Mwanapili na Mzee Mmanga, kama ulivyosikia kwenye simu. Mzee Mmanga alipofumbua na kuiona akasema karafuu hii imekatwa kichwa nami nitafute cha kuazima, watu wakacheka huku wanafuta machozi. Sasa anachuma karafuu mashambani kwa watu, analipwa kwa kilo, na huko hakuna afisa wala karatasi. Mvua ikinyesha siku nzima hapati kitu. Umri ule, mwanangu, juu ya mti.

Sisi tuliobaki wanne tunafanya kazi ya sita. Mie niliyekuwa napakia tu, sasa nachukua kuni, nachuja wanga, na sufuria ikiwa nzito nashika na mwiko. Bwana Maher kapunguza ukubwa wa kikapu badala ya kupandisha bei. Bibi mmoja kutoka Jadida, aliyeagizia harusi, kaja kuuliza vikapu vyetu vimefuliwa kwa maji ya moto hata vikaruka na kuwa vidogo. Lakini mshahara mpya naupokea, kamili, natia sahihi. Mwezi wa kwanza nilimnunulia Usama viatu, nikamlipia Asma hiyo miwani, na bibi yako nikamnunulia dawa ya macho bila ya kukusumbua wewe.

Na Mwanapili? Mwanapili anasuka vikapu hapa nyumbani. Bwana Maher anavinunua kwake, kimoja kimoja. Akitoka kuswali Alfajiri anakaa chini na ukili wake mpaka vidole vinapasuka, na kwa mwezi mzima hafikii hata robo ya ninachopata mie. Vikapu hivyo hivyo nakwenda navyo Tibirinzi, navitia halua, nalipwa. Nikirudi ananiona nimejishika kiuno, basi ananilaza ananisugua mgongo kwa mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Mwezi ule wa kwanza nilimpa fungu katika mshahara wangu, akalirudisha mkononi mwangu. Kasema mama, wewe ndiye unayetoka jasho, mimi Mungu kanipangia hivi, mkono wako ulikuwa sababu tu.

Hamdan, aliposema hivyo nilitoka nikenda kukaa na mbuzi.

Basi ngoja niseme, maana karatasi inakwisha na Soud anaondoka kesho asubuhi.

Siku ile nilipoingiza mikono yote miwili ndani ya kofia, nilinuia moyoni kwanza. Nilisema mkono wa kulia ni wangu, wa kushoto ni wa Mwanapili. Hakuna aliyenisikia ila Mungu. Nikafumba. Zamu yangu ilipofika nikafumbua yote miwili pamoja, watu wanatazama. Ya kushoto ilikuwa na kichwa. Ya kulia haikuwa nacho.

Mwanakhamis akaniuliza ipi yangu na ipi ya mkamwanangu. Na mie, mama yako niliyekufundisha wewe kusema kweli hata kwa embe uliloiba, nikanyoosha mkono wa kushoto nikasema hii ndiyo yangu.

Sikupanga. Wallahi sikupanga, ulimi ulitoka wenyewe. Katika pumzi ile moja nilijiona na miaka yangu hamsini na nne, nani atanipa kazi, nitamwomba nani kila Ijumaa, na nikasema moyoni Mwanapili kijana, ana mume, ana mshahara wa Hamdan. Niliyasema yote hayo moyoni kwa kuwa nilishajua si haki. Ningekuwa najua ni haki ningeyasema kwa mdomo.

Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya. Ni kazi ya mkeo. Mwezi mmoja nimeshaula.

Sasa sikiliza kinachonitia hofu zaidi. Mwanapili ana habari kuwa hoteli za huko zinatafuta watu wa kufua na kutandika, na kwa kiwango hicho kipya. Anataka kuja Jumamosi kwa boti, amwache Usama kwangu. Atakupigia kukuomba ruhusa, na atakuambia mama usimhofie, mama ana kazi yake. Nawe utafurahi, mkeo anakuja. Nisingekuzuilia furaha hiyo. Lakini asivuke bahari, amwache mwanawe, kwa kuitafuta kazi ambayo iko hapa Tibirinzi na mie nimeikalia.

Utaniambia basi nenda kwa Bwana Maher ukaseme. Nimeshatoka nyumbani mara mbili kwenda kusema, nikafika pale mlangoni nikarudi. Nikisema, watasema kura nzima imeharibika. Wale vijana watataka irudiwe, na Mzee Mmanga ana haki ya kutaka irudiwe. Ikirudiwa, pengine Mwanakhamis ndiye atakayepata isiyo kichwa, na wale mayatima watatu hawakusema uongo wowote. Nisiposema, nala haramu, au ni halali kwa kuwa jasho ni langu? Sijui. Ningemuuliza Shehe, lakini Shehe wetu ni nani? Ni Shehe Khatib, baba yake Mwanapili. Nikamuulize nini mkwe wako, kwamba nimemdhulumu mwanawe, anisomee aya gani?

Nimefikiri niache kazi tu, nimwambie Bwana Maher mgongo umekataa, amrudishe Mwanapili kwenye nafasi yangu. Hilo naliona jepesi zaidi, na mgongo wenyewe shahidi. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimerudisha kazi na kubaki na uongo, na yeye atanisugua huo mgongo na kuniombea dua. Sidhani kama nitaweza kulala kifudifudi na kuzisikia dua hizo. Nataka ajue, ila naogopa akijua hataniita tena mama. Na wewe, sijui utaniita nini.

Wewe ni mwanangu na ni mumewe, ndiyo maana sikumwambia mtu mwengine kabla yako. Usinionee huruma kwa kuwa ni mzazi wako. Niambie lililo sawa, nami nitalifanya, hata kama ni kusimama mbele ya wote sita pale jikoni. Ninalokuomba ni moja, asilisikie kwako. Akilisikia, alisikie kwa mdomo huu huu uliosema.

Nisalimie wenzako wa hapo lindoni, yule Badar aliyeniletea sabuni mwambie namwombea. Bibi yako anauliza lini utakuja, Asma anataka daftari kubwa zenye mistari, na Usama kaniambia nikuandikie kuwa viatu vinawasha taa akitembea, basi nimekuandikia.

Jibu usilete kwa simu, wala usimtumie Mwanapili ujumbe anisomee. Andika, mpe Soud mkononi, anarudi Jumatano. Andika kwa herufi kubwa, nasoma polepole. Alhamisi ndiyo siku ya mshahara wa pili. Bwana Maher huufungua ule mkoba, hutuita mmoja mmoja, na kalamu huniwekea upande wa kulia. Fanya haraka mwanangu, barua yako inifikie kabla sijaishika.

Mama yako akupendaye,
Mwanawema