Giaboksi ya Lori

Mpanda, Jumatano, masika ya 1996

Sijui kesho nimwambie nini tajiri. Anataka kuing'oa giaboksi ya lori aliyoifunga fundi kwenye basi lake ninaloendesha, maana sasa linachelewa kutoka Inyonga na abiria wanatukimbia. Ni kweli. Kwenye tambarare linaunguruma tu, mwendo hakuna.

Lakini leo lilipanda kilima chenye tope bila mtu kushuka. Ile ya zamani ingeshindwa. Ndani alikuwemo mjamzito, uchungu umemshika. "Dereva, usisimame baba," mama mkwe wake aliniomba.

Amejifungua salama hospitalini.

Ila kwa giaboksi ya zamani tungekipita kilima kabla ya mvua, kikiwa kikavu. Sasa ipi ndiyo iliyo bora kwetu?

Nitamwomba tajiri aiache mpaka masika yaishe.